Sura za Ganon, 1986 hadi 2023: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ganon ni adui mkuu wa The Legend of Zelda, mfululizo wa michezo ya video wa kampuni ya Nintendo ya Japani. Tangu 1986 amekuwa nguruwe mwenye mkuki, mfalme wa jangwani, mzee aliyevaa kanzu pana, wingu la moshi, maiti iliyokauka na hatimaye joka. Majibu yaliyo hapa chini yanafuatilia mabadiliko hayo na sababu zake. Yanasimulia pia miisho ya michezo kadhaa, kwa hiyo msomaji ambaye hajaimaliza na hataki kujua ajiamulie mwenyewe kabla ya kuendelea.

Je, Ganon na Ganondorf ni mmoja?

Kwa kawaida ndiyo. Ganondorf ni jina la mtu, na Ganon ni jina la umbo la kinyama analolichukua nguvu zinapomzidi. Katika hadithi mtu ndiye aliyetangulia, lakini katika utengenezaji wa michezo mnyama alionekana miaka 12 kabla ya mtu. Aidha, si kila mchezo unamzungumzia mtu yuleyule, kwani baadhi ya hadithi humleta Ganondorf mwingine aliyezaliwa katika enzi nyingine.

Alikuwa na sura gani katika mchezo wa kwanza?

Alikuwa nguruwe mkubwa mwenye rangi ya buluu, anayesimama kwa miguu miwili. Hata hivyo, jambo la kushangaza kuhusu pambano lile la 1986 ni kwamba kwa sehemu kubwa hakuonekana kabisa. Mchezaji huingia katika chumba chake, humwona kwa muda mfupi, kisha jitu hutoweka na mchezaji hubaki akipiga upanga hewani huku mipira ya moto ikimjia kutoka mahali asipopaona. Upanga ukimpata, Ganon huonekana kwa muda mfupi sana, halafu hupotea tena. Akishapigwa vya kutosha hubadilika rangi na kuwa mwekundu wa kahawia, na hapo ndipo mshale wa fedha unapoweza kumuua.

Mashine ya wakati huo iliruhusu kila kipande cha picha inayotembea kitumie rangi tatu tu, ukiacha ile inayoachwa wazi ili mandhari ya nyuma ionekane. Kwa uhaba wa namna hiyo, kubadilisha rangi ya mwili mzima ilikuwa njia ya bei nafuu na yenye nguvu ya kumwambia mchezaji kwamba jambo kubwa limetokea. Mimi naamini kutoonekana kwake kulisaidia pia: mnyama aliyechorwa kwa pikseli chache hutisha zaidi anapobaki katika mawazo ya mchezaji kuliko anaposimama mbele yake muda wote.

Katika mchezo wa pili, uliotoka 1987, tayari amekwisha kufa na wafuasi wake wanatafuta damu ya Link, shujaa wa mfululizo, ili wamfufue. Mchezaji wa toleo la NES, mashine ya Nintendo ya wakati huo, alimwona kama kivuli tu, akicheka, kila aliposhindwa.

Kipi kiliongezeka mwaka 1991?

A Link to the Past, iliyotoka kwa mashine ya Super Famicom, ilimpa Ganon vitu viwili vilivyodumu: mkuki wa ncha tatu na historia. Mkuki humpa mwili wake umbo linalotambulika hata ukiwa mdogo sana kwenye kioo, kwa kuwa mkono ulioinuliwa na ncha tatu juu yake huonekana kabla ya kitu kingine chochote. Historia nayo ilieleza kwamba nguruwe huyu aliwahi kuwa mwizi wa kibinadamu aliyeingia katika Ulimwengu Mtakatifu na kugusa Triforce, ile nguvu ya pembetatu tatu za dhahabu.

Waandishi walikuwa wamekwisha kumwandikia uso wa mtu, lakini wachoraji walikuwa hawajauchora. Kwa muda mwingi wa mchezo huo Ganon hujificha nyuma ya mchawi Agahnim, na anapojitokeza ndani ya piramidi, mchezaji hukutana na mnyama. Mchezo wa zamani haukusahauliwa pia: kuna hatua ya pambano ambapo giza humfanya asionekane hadi mienge iwashwe.

Kwa nini mwaka 1998 ndio unaotajwa kama mwaka wa mageuzi?

Kwa sababu ndani ya Ocarina of Time, iliyotoka kwa mashine ya Nintendo 64, mchezaji alitazamwa naye kwa mara ya kwanza.

Tukio lenyewe ni fupi. Link, akiwa bado mtoto, amejipenyeza hadi kwenye ua wa ndani wa kasri. Binti mfalme Zelda anamwambia achungulie dirishani. Ndani anamwona mtu mrefu mwenye nywele nyekundu na ngozi ya rangi ya kijani iliyofifia, amepiga goti mbele ya mfalme kwa adabu zote. Kisha mtu yule anageuza kichwa kuelekea dirishani. Hana silaha mkononi, hasemi neno, na hakuna anayepigana, lakini mchezaji hurudi nyuma kana kwamba amefumaniwa. Nimelirudia tukio hilo mara nyingi, nami huona kwamba nguvu yake yote imo katika mambo mawili ambayo mnyama wa 1991 hakuwa nayo: shingo inayogeuka taratibu na macho yanayojua yanachokitafuta.

Umbo la pande tatu (3D) ndilo lililowezesha jambo hilo. Mwili uliojengwa kwa poligoni, yaani vipande bapa vyenye pembe vilivyounganishwa, unaweza kuonyeshwa kutoka upande wowote, kamera inaweza kusogea karibu na uso, na urefu wa mtu mzima unaweza kulinganishwa na wa mtoto katika fremu moja. Wabunifu waliutumia ulinganisho huo kwa makusudi. Nje ya kasri, usiku wa mvua, Ganondorf yuko juu ya farasi mweusi na Link yuko chini ardhini, na kamera inamtazama mpanda farasi kutoka chini. Miaka saba ya hadithi inapopita, Link amekuwa kijana mrefu, na adui aliyekuwa kama mnara sasa anaweza kukabiliwa ana kwa ana.

Mavazi yalibeba kazi yake pia. Deraya nyeusi ni ya askari, kito cha rangi ya kaharabu kwenye paji la uso ni cha mfalme, na katika chumba cha juu cha mnara wake Link anamkuta akipiga kinanda. Mtu wa namna hiyo ana matamanio na ladha, na anaweza kusema uongo. Nguruwe hakupotea: baada ya mnara kuanguka, Ganondorf anageuka kuwa jitu lenye panga mbili, ambalo taa za radi huonyesha umbo lake zaidi ya sura yake. Lakini sasa unyama huo umepata maana mpya, kwa sababu mchezaji amekwisha kumjua mtu aliyeachana na utu wake.

Je, ni kweli kwamba sehemu za mchezo huo zilibadilishwa baadaye?

Ni kweli. Alama ya awali ya Wagerudo, watu wa jangwani ambao Ganondorf ni mfalme wao, ilikuwa hilali na nyota, na ilionekana kwenye ngao na kuta. Kwa kuwa ilifanana mno na alama inayohusishwa na Uislamu, matoleo ya baadaye yaliibadilisha na kuweka alama mpya. Vilevile damu ambayo Ganondorf anaitapika baada ya kushindwa ilikuwa nyekundu katika nakala za mwanzo, kisha ikafanywa kijani.

Badiliko la kwanza nalikubali bila shaka yoyote, kwa sababu alama ya imani ya watu halisi haina sababu ya kuwa pambo la ufalme wa adui. La pili nalisikitikia kidogo. Damu nyekundu ilithibitisha dakika za mwisho kwamba yule aliyepiga magoti alikuwa binadamu kama sisi.

Kwa nini The Wind Waker ilipingwa, kisha ikaja kupendwa?

Mwaka 2000, kwenye maonyesho ya Space World, Nintendo ilionyesha video fupi ya majaribio ya mashine yake mpya, GameCube, ambamo Link na Ganondorf walipigana kwa sura zinazokaribia uhalisia. Watu walidhani wameuona mchezo unaofuata. Mwaka mmoja baadaye walionyeshwa kitu tofauti kabisa: picha bapa zenye rangi angavu kama za katuni, na Link mwenye macho makubwa ya kitoto. Wengi walihisi wamenyang'anywa walichoahidiwa, na hofu iliyosikika zaidi ilikuwa kwamba adui wa kutisha hawezi kuishi katika ulimwengu wa katuni.

Mchezo ulipotoka Desemba 2002 nchini Japani ulijibu hofu hiyo, na kwa maoni yangu haujatokea mchezo mwingine uliomchora Ganondorf vizuri kuliko huu. Amezeeka. Mwili wake ni mpana, umefunikwa kwa vazi refu lenye mikono mipana linalokumbusha mavazi ya jadi ya Kijapani, na panga mbili amezificha ndani yake. Anatembea polepole. Uso uliochorwa kwa mistari michache unaweza kuonyesha uchovu, huruma na hasira kwa uwazi ambao nyuso zenye poligoni nyingi za wakati ule hazikuufikia, kwa kuwa mchoraji wa katuni huamua mwenyewe mkunjo upi wa uso ubaki na upi uondoke.

Sura hiyo inalingana na maneno anayopewa. Anasimulia nchi yake ya jangwa, ambako upepo wa mchana uliunguza na wa usiku ukagandisha, na anakiri kwamba aliutamani upepo wa Hyrule, ufalme wa Zelda. Akiwa na nafasi ya kumuua Link, anamwambia kwamba hana nia hiyo, kwamba anachohitaji ni nguvu iliyomo ndani yake tu. Baadaye, tamaa yake ya mwisho inapoporomoka na maji ya bahari kuanza kumwagika pande zote, anacheka. Ni kicheko cha mtu mzima aliyesubiri miaka mingi na kukosa. Kisha Link anamchoma upanga kwenye paji la uso, naye anageuka jiwe akiwa amesimama, upanga ukiwa bado umekita kichwani.

Vipi kuhusu Twilight Princess?

Mchezo huo wa 2006 ulirudi kwenye uhalisia na deraya, na wabunifu wakaongeza kitu kimoja chenye uzito: kovu jeupe linalong'aa kifuani. Hadithi yaeleza kwamba Wahenga walijaribu kumuua kwa kumchoma upanga wa mwanga, lakini Triforce ya Nguvu ikamwokoa, akaung'oa upanga ule na kuufanya wake. Kovu ni simulizi iliyoandikwa mwilini, kwa hiyo mchezaji hahitaji kukumbushwa kilichotokea kila anapomwona. Umbo la kinyama nalo lilibadilika: Ganon wa 2006 anakimbia kwa miguu minne kama nguruwe mwitu halisi. Nalipenda wazo hilo kuliko utekelezaji wake, kwa sababu Ganondorf mwenyewe anaonekana kwa muda mfupi mno, na kazi kubwa ya ubunifu imeishia kwenye saa za mwisho za mchezo.

Je, umbo lake huamua jinsi anavyopigwa?

Kwa kiasi kikubwa. Katika mchezo wa video mchoro hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu unamweleza mhusika na pia unamwonyesha mchezaji mahali pa kulenga. Mwaka 1998 mahali hapo palikuwa mkia, kwa hiyo mchezaji alilazimika kupita nyuma ya jitu lenye panga mbili, jambo linalotisha kuliko kusimama mbele yake. Mwaka 2006 palikuwa lile kovu, ambalo nguruwe mwitu akiangushwa huonekana likiwaka tumboni. Hapo hadithi na pambano vimekuwa kitu kimoja: jeraha lililoshindwa kumuua zamani ndilo linalomaliza kazi.

Kwa nini Breath of the Wild ilimwondolea uso?

Katika mchezo huo wa Machi 2017, ambao Satoru Takizawa alikuwa mkurugenzi wake wa sanaa, Ganon anaitwa balaa, naye anaonekana kama moshi mweusi na mwekundu unaozunguka kasri, wenye kichwa kinachofanana na cha nguruwe. Hazungumzi, na hakuna anayejadiliana naye.

Uamuzi huo unaeleweka ukiangalia muundo wa mchezo wenyewe. Mchezaji anaruhusiwa kwenda popote tangu mapema, hata moja kwa moja kwenye pambano la mwisho. Adui anayehitaji matukio mengi ya kumtambulisha asingefaa, lakini moshi unaoonekana kutoka karibu kila kilima unafaa, kwa kuwa humkumbusha mchezaji kazi yake bila neno. Ndani ya kasri anaonekana akiwa na mwili ambao haujakamilika, wenye miguu kama ya buibui na vipande vya mitambo ya kale vilivyounganishwa na nyama, kama mtu aliyeamshwa kabla ya kuumbika.

Hata hivyo kuna kitu kilipotea. Umetumia saa 60 au 100 ukisikia maumivu aliyosababisha, halafu unapomfikia hakuna mtu wa kumuuliza kwa nini.

Je, sura yake inawasema vibaya watu wa jangwani?

Swali hili ni la haki, na halipaswi kupuuzwa. Mwaka 1998 watu wenye ngozi nyeusi zaidi katika Hyrule walikuwa pia wezi wa jangwani, na mfalme wao ndiye alikuwa adui wa dunia nzima. Pua ndefu iliyopinda, vito, jangwa na ile hilali viliwekwa pamoja kwa namna inayorudia picha za zamani ambazo watu wengi wamechoka kuziona.

Michezo ya baadaye ilirekebisha sehemu ya tatizo hilo kwa kuwapa Wagerudo maisha yao wenyewe. Mwaka 2017 wana mji, biashara, sheria na viongozi wanaoheshimika, na shujaa wao Urbosa huona ni jambo linalomhusu yeye binafsi kwamba Ganon aliwahi kuzaliwa na umbo la Mgerudo. Mwovu akishakuwa mmoja miongoni mwa watu wengi wenye tabia mbalimbali, sura yake haibebi tena hukumu ya kabila zima. Marekebisho hayo yalichelewa, lakini ni ya kweli.

Tears of the Kingdom ilifanya nini kipya?

Ilianza na maiti. Mwanzoni mwa mchezo huo wa Mei 2023 Link na Zelda wanashuka chini ya kasri na kukuta mwili uliokauka hadi mifupa, umebanwa kifuani na mkono unaong'aa usio na mwenyewe. Mkono unapouachia mwili huo, kichwa kinajinyanyua kwa mitikisiko, jicho linafunguka, na maiti inazungumza. Ni mbali sana na nguruwe wa buluu, lakini mbinu ni ileile ya dirisha la 1998: kichwa kinachogeuka na jicho linalokuona.

Anaporudishiwa mwili wake anaonekana na nywele nyekundu zilizo nyingi na ndefu, kifua kilicho wazi upande mmoja, na silaha anazozibadilisha katikati ya pambano kama mchezaji anavyofanya. Hata mstari unaoonyesha uhai wake umeingizwa katika ubunifu. Unadhani umekaribia kumshinda, mara unajaa upya na kurefuka hadi kupita ukingo wa kioo. Kitu ambacho kwa kawaida ni kipimo tu kimekuwa sehemu ya mwili wa mhusika.

Ni kitu gani ambacho hakijabadilika kamwe?

Wengi hujibu nguruwe, au nywele nyekundu, na majibu hayo yana ukweli, ingawa kila kimoja kimewahi kuachwa katika mchezo mmoja au mwingine. Mimi ningependekeza mtazamaji aangalie paji la uso. Mwaka 1998 pana kito, pambo la mfalme. Mwaka 2002 upanga unaingia papo hapo. Mwaka 2023 anapora jiwe la siri (kito kinachokuza nguvu) la Sonia, malkia wa Hyrule, na kulivaa kwenye paji, na jiwe hilo ndilo linalomfanya Mfalme wa Mashetani. Mwishoni analimeza, anageuka joka lililosahau hata jina lake, na jiwe linabaki likiwaka katikati ya paji la joka, ambapo Link anapiga pigo la mwisho.

Sina haja ya kudai kwamba wabunifu walipanga hayo tangu mwanzo. Kinachojulikana kwa mtu yeyote anayechora ni kwamba ukitaka mhusika abadilike sana na bado atambulike, lazima uchague mahali pachache pa mwili wake ambapo jicho la mtazamaji litarudi kila mara, na upalinde.

Nikiwa na nafasi ya kutazama matukio mawili tu, nitazame yapi?

Tazama dirisha la kasri katika Ocarina of Time, kisha pambano la mwisho la The Wind Waker juu ya mnara, maji yakianguka pande zote. Katika la kwanza angalia shingo yake. Katika la pili angalia mabega yake anapocheka.